Kasoro za Vifurushi Kumi na Viwili

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Mjukuu wangu kanuna tangu asubuhi. Kazi yake kueleza vifurushi. Si vya sukari! Ni programu ambazo mafundi wanaotunza kompyuta za maofisi huzichagua kwa kusoma maelezo. Anaandika mistari michache: hiki kinafanya nini, kinataka nini, hakipatani na kipi. Msimamizi wake kasema hayaeleweki. Yasiponyooka hadi Ijumaa, kazi hana. Nikayasoma. Kama kutafuna kokoto! Nikamwambia mimi nimeozesha watu kumi na wanane kwa mdomo huu huu, vifurushi vitanishinda? Akacheka. Dharau ya babu yake hiyo.

Jumanne, tarehe 4
Mchana nilisinzia dirishani. Vifurushi vikaja, vimevaa vikapendeza, vikapanga foleni mlangoni. Havina miguu, lakini vilitembea. Kimoja chembamba kikanishika kidole, kikaniomba nacho nikiseme vizuri. Nikaamka nimeshajua la kufanya.

Jumatano, tarehe 5
Mjukuu kaenda kuoga. Huoga kama anafua zulia. Nikakaa mezani penye kompyuta yake, nikaandika kwa kidole kimoja. “Kifurushi hiki hutunza nakala ya kazi yako kila siku, ili kompyuta ikifa, kazi isife nayo.” Nani hataelewa? Chini palikuwa na onyo: kisiwekwe pamoja na kile cha zamani cha kutunza nakala, vitagombana. Nikalifuta. Nani hupeleka posa akaanza na bibi harusi anakoroma? Nikaeleza vyote kumi na viwili hivyo hivyo, kasoro zao nikazifuta. Skrini ikatulia kama maji ya mtungini. Nikatuma.

Alhamisi, tarehe 6
Asubuhi msimamizi kapiga simu kusifu. Saa sita kapiga tena, si kusifu. Ofisi tatu zimeweka hivyo viwili pamoja. Vimegombana, kompyuta zimezima zote! Mjukuu kashika kichwa, kasema bibi umeniua. Nikamwambia ndoa ngapi huanza kwa ugomvi na leo zina wajukuu. Akaniuliza kama nilielewa lile onyo. Nililielewa vizuri sana, ndiyo maana nililifuta! Akalia. Hapo nikamhurumia. Kidogo.

Ijumaa, tarehe 7
Nikasinzia tena. Vifurushi viwili vimekaa kwenye ngazi, vimepeana visogo, jua linapita katikati yao. Nikavigombeza kwa nini havikusema mapema. Vikajibu kuwa vilisema, mimi nikafuta. Ndoto za siku hizi hazina adabu.

Simu ikalia. Msimamizi kasema hajawahi kuona maelezo mepesi hivyo. Kazi anabaki nayo, ila arudishe kasoro zote, na leo hii awaandikie mafundi barua ya kuungama na kuomba radhi. Bila barua, aage. Nikamwambia umesikia, mepesi! Karudisha kasoro moja moja, kaandika barua, kaenda kujilaza, macho yamevimba, maskini mwanangu.

Barua kaiacha wazi mezani. Nzuri, ila ndefu. Nimeondoa sehemu ya kosa. Sasa inang'aa. Nimeshaituma.