Leza ya Kamati na Maini ya Migebuka

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Kigoma, walio nchi kavu na walio majini, kwamba Kamati ya Maboresho ya Kuona Ndani imefanikiwa. Kuanzia sasa nyama ya kiumbe yeyote itaonekana mpaka ndani bila kuguswa na kisu. Mimi ni katibu wa Kamati. Nimezunguka Kalemie, Mpulungu na Bujumbura, darasa moja nimesoma hapa, jingine kule, na sijaona kamati iliyoelewa jambo gumu haraka namna hii.

Chombo chenyewe ni hadubini ya leza. Mtaalamu wetu, Marcelina, alitueleza hivi: chukua upepesaji mmoja wa jicho, ukate vipande milioni, kila kipande ukikate tena milioni. Mweko mmoja wa leza, yaani mwanga kuwaka na kuzimika mara moja, ni kipande kimoja. Ndani ya mweko huo chembe mbili za mwanga zitue mahali pamoja, wakati mmoja, ndipo nyama ing'ae. Ikifika moja peke yake, hola.

"Kati ya hizo mbili, mkubwa ni nani?" aliuliza Mwenyekiti, Bwana Elikana.

"Ziko sawa, Mzee."

"Sasa nani anampokea mwenzake?"

"Hakuna. Zinafika pamoja, kwa wakati."

"Hapa Kigoma?"

Swali hilo liliingizwa kwenye kumbukumbu.

Marcelina akaongeza kwamba kwa miezi mitatu alikuwa anaufupisha mweko, maana ukipita kwenye vioo unarefuka na picha inafifia. Mwenyekiti hakupendezwa. Mweko mfupi hivyo mbele ya mgeni rasmi ni dharau, alisema. Yeye mwenyewe hufungua semina kwa saa nzima. Kamati ikaazimia urefushwe. Marcelina akasema "Sawa, Mzee," akaenda akaufupisha zaidi.

Sasa kuna Frida, muuza samaki wa mwaloni Kibirizi. Wiki mbili kabla ya uzinduzi, Kamati iliona madoa meupe kwenye maini ya migebuka wake, ikachukua kreti kumi na mbili na kuifunga meza yake. Ripoti ilisema hadubini imeona minyoo. Ni kweli siku hiyo hadubini ilikuwa imefungiwa ndani ya kasha lake, lakini hilo halikupunguza ubora wa ripoti. Waraka ukatoka: samaki wateketezwe, aliyewala atengwe kwenye hema siku ishirini na moja, na kama hadubini haitawaona migebuka hao kuwa salama siku ya uzinduzi, Frida asiuze samaki tena maisha yake yote.

Ijumaa ya uzinduzi akaja bila mwaliko, akakaa mstari wa mbele.

"Mwakeye," alitusalimu kwa Kiha. "Nimekuja kuangaliziwa maini."

Marcelina akaomba taa zizimwe, kwani mwanga unaotoka kwenye nyama ni hafifu, na taa moja ya dari inaumeza wote.

"Taa haizimwi," alisema Mwenyekiti. "Wapiga picha wataniona vipi?"

"Wataona ini, Mzee."

"Kwani wamelifuata ini?"

Taa zikabaki. Kioo cha kuonyeshea picha kikawa cheupe kama unga wa muhogo. Mwenyekiti akatangaza kwamba huo weupe ndio minyoo yenyewe, imebanana mpaka haina pa kupita. Wageni wakapiga makofi kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa na samaki wa kukaanga, maana viburudisho vilishapita.

"Mbona chini ya mashine hamna kitu?" aliuliza Frida.

"Samaki wako waliteketezwa, mama. Ni utaratibu."

Frida akavuta harufu. Akainuka, akapitia mlango wa jikoni, akarudi na kreti yenye jina lake kwa rangi nyekundu. Ndani alibaki mgebuka mmoja mbichi, amegandishwa kwa barafu.

"Kumbe mliwateketeza kwenye mafuta?"

Ukumbi mzima ukaacha kutafuna.

"Mzee," alisema Marcelina kwa adabu, "waraka unasema aliyewala..."

"Siku ishirini na moja," alimalizia Frida. "Hema nimeliona. Linavuja."

Mwenyekiti akaitazama sahani yake. Ilikuwa na mifupa mitupu ya samaki watatu.

"Zimeni taa."

"Lakini wapiga picha..." alianza Marcelina.

"Zimeni taa, nimesema! Na huo mweko, mwanangu, ufupishe mpaka uishe!"

Giza likaingia. Marcelina akaliweka ini la yule mgebuka aliyebaki, akashuka nalo tabaka kwa tabaka, polepole kuliko ilivyohitajika. Kiooni yakatokea matone ya kijani, ya mviringo, yametulia.

"Unaona mnyoo?" ilikuwa sauti ya Mwenyekiti, ndogo.

"Natafuta, Mzee."

"Usitafute sana."

"Hayo madoa ni mafuta tu," alisema Marcelina hatimaye. "Samaki alikuwa ameshiba."

Mwenyekiti alimshukuru Mungu, kisha Kamati. Akamtunukia Frida cheti cha ushirikiano.

"Cheti hakina ini," alisema Frida. "Kumbe ni wazima. Nipeni kreti zangu kumi na mbili."

Kifungu kilikuwepo kwenye waraka, Mwenyekiti alikiandika mwenyewe: mali ikibainika kuwa salama irudi kwa mwenyewe kama ilivyochukuliwa. Ilichukuliwa mbichi, imetoka ziwani asubuhi hiyo.

Jumatatu, jua linachomoza, mtumbwi wa mvuvi Hamdani ulifika Kibirizi. Mwenyekiti alishuka amelowa mpaka tai, mikono imechubuliwa na nyavu, kreti kichwani. Nyuma yake Kamati nzima, kila mjumbe na yake. Frida alimpasua mgebuka wa kwanza, akalisogeza ini kwenye mwanga, akakunja uso.

"Hili lina madoa," alisema. "Kaa hapo mchangani, baba. Hawa siwapokei mpaka hadubini iwaone."

Niliandika: Mwenyekiti alikaa.