Kemunto Alienda kwa Santa, Nikalala Mimi

Wenzangu, leo uso wangu nimeuacha Maple Grove. Ukipita kwa ile mall na uuone pale chini ya kiti cha Santa, usijisumbue kuuokota. Siutaki tena.

Wacha nianze mwanzo, kwa sababu nikianza katikati mtadhani nilikuwa nimelewa. (Sikuwa nimelewa. Afadhali ningekuwa.)

Mnajua mimi hufanya kazi usiku huku ughaibuni, kule Hopkins, kwenye nyumba ya kutunza wazee. Mke wangu Kwamboka ni nesi, naye hufanya mchana. Tangu binti yetu Kemunto azaliwe, mimi na mamake tunakutana mlangoni tu. Yeye anatoka, mimi naingia, mtoto anapita mkono hadi mkono kama kijiti cha wakimbiaji. Mwezi huu ndio umetumaliza kabisa. Nusu ya manesi wenzake wanaumwa homa, kwa hivyo anaitwa kila siku, na Krismasi yenyewe ameshapangiwa kazi. Nyumbani hatuna mti. Hatuna taa. Kuku wa Krismasi yuko ndani ya friza na hakuna mtu mwenye nguvu ya kumtoa.

Na hii ndiyo Krismasi ya kwanza ya mtoto!

Leo asubuhi nimefika nyumbani nimechelewa, maana theluji ilimkwamisha yule wa kunipokea shifti. Nimemkuta Kwamboka mlangoni, jaketi ameshavaa, Kemunto mkononi na gauni jekundu na kitambaa cheupe kichwani, kinang'aa kuliko maisha yetu.

"Baba Kemunto, leo ndiyo siku ya mwisho ya Santa pale mall," akaniambia.

"Wacha nilale kidogo kwanza, halafu..."

"Ukilala huamki. Nakujua. Na mama ameshawatangazia wamama wa kanisa kwamba anangoja picha ya mjukuu wake na yule mzee wa ndevu. Sijakuomba mti. Sijakuomba taa. Picha moja tu."

"Sawa, nimesikia."

"Na usilale huko."

"Nilale wapi, Kwamboka? Kwa mall?"

Akaniangalia vile manesi huwaangalia wagonjwa wanaosema hawasikii uchungu wowote, ilhali mguu umevunjika. Akaniwekea mtoto mikononi, akaenda.

Hapa lazima niwaeleze kuhusu mama mkwe. Sisi Wakisii, mkwe ni mkwe. Hakuna mizaha. Mimi nikiongea na mama mkwe kwa simu huwa nasimama. (Ndiyo. Peke yangu, jikoni, na soksi, nasimama.) Yuko Nyamira, hajawahi kumbeba Kemunto hata siku moja, na viza yake tumeingoja mpaka tumechoka kuitaja. Kwa hivyo hiyo picha haikuwa mchezo.

Nikamfunga mtoto kwenye kiti chake cha gari, nikanywa kahawa ya jana iliyokuwa imeganda nusu, nikaenda. Nilikuwa na fulana yangu ya kazi bado, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Nilijiambia, nani ananiangalia? Wanamwangalia mtoto. (Kumbuka hayo maneno.)

Nje kulikuwa na ile baridi ya kukuuma meno. Ndani ya mall, joto kama kuna mtu anaoka mikate chini ya sakafu. Hapo ndipo mwili wangu ulipoanza kunisaliti. Foleni ya Santa ilikuwa ndefu, inajipinda, na kila tukisogea hatua moja kope zangu zinasogea mbili kwenda chini. Kemunto akanitapikia kwenye kola. Gauni likapona. Nikamshukuru Mungu.

Mara nikasikia nyuma yangu, "Baba Kemunto! Kumbe na nyinyi mko kwa mambo ya Santa?"

Kugeuka, ni Mama Shiro wa kanisani kwetu. Wale mnaosali nasi mnamjua: yule anayesoma matangazo bila kipaza sauti na bado walio kwenye maegesho wanasikia. Alikuwa na binti yake mdogo, Shiro.

"Shiro, msalimie anko."

"Hi," akasema Shiro, macho kwa Santa.

"Baba Kemunto, unaonekana umechoka sana," Mama Shiro akasema.

"Mimi? Niko sawa kabisa." (Nilikuwa nimeegemea nguzo ya kamba. Ile ya kupanga watu foleni. Inayumba.)

Zamu yetu ikafika. Santa alikuwa mzee wa kweli, si hawa vijana wa kubandikwa ndevu. Ndevu zake mwenyewe, nyeupe pepepe. Nikamweka Kemunto mapajani mwake, nikarudi nyuma. Kemunto akainua kichwa. Akaziona zile ndevu. Akavuta pumzi ndefu...

Jamani! Hicho kilio! Watu wa duka la viatu ng'ambo walitoka kuangalia.

Msichana wa kamera, aliyevaa kofia ya kijani yenye kengele, akaniambia, "Baba, kaa hapo karibu na Santa, umshike wewe."

Kiti chenyewe kilikuwa si kiti. Kilikuwa kochi. Kochi la mahameli, pana, linakumeza. Tangu nitoke kwa shifti, hapo ndipo nilipokaa mahali laini kwa mara ya kwanza. Nikamlaza Kemunto kifuani, nikaanza kumbembeleza na ule wimbo wa kwetu ambao mamangu alikuwa akituimbia. Santa naye, Mungu ambariki, akawa anaung'ong'a chini chini ingawa haujui. Kilio kikapungua. Kikawa kwikwi. Kikaisha. Kemunto akafumba macho.

Mimi nami nikafumba kidogo. Kidogo tu, kama mtu anayeombea chakula.

Sehemu inayofuata nimesimuliwa na Mama Shiro, na alivyo, nina hakika hajapunguza kitu.

Anasema kichwa changu kilishuka polepole kama jua, kikatua kwenye bega la Santa. Kwamba nilikoroma. Kwamba msichana wa kamera alipiga picha zake, akaniita, akaniita tena, halafu akataka kuja kunitikisa, lakini Santa akaweka kidole mdomoni. "Mwache," akasema. "Mtoto amelala. Baba amelala. Leta wengine."

Na wakaletwa wengine! Familia baada ya familia zilikuja, zikakaa upande ule mwingine wa Santa, zikapigwa picha, zikaondoka. Mimi nikiwa pale pale. Kuna watu Maple Grove, sijui majina yao, ambao mwaka huu wataweka kwenye ukuta wa sebule picha ya Santa, watoto wao, na Mkisii amefungua mdomo.

Baadaye mkono wangu ukaanza kulegea, kwa hivyo Mama Shiro akaja akamchukua Kemunto taratibu kabla hajateleza. Na hapo, ndugu zangu, ndipo mikono yangu ilipobaki huru. Laiti angeniachia mtoto.

Zamu ya Shiro ikafika mwishowe, maana mamake alikuwa akiwapisha wengine ili anitazame vizuri. Ile kofia ya msichana wa kamera ikalia kengele. Ngri!

Sasa, kule kazini kengele ikilia hivyo ni mzee mmoja ninayemtunza anataka kusimama. Nitamwita Mzee Harold, ingawa si jina lake. Mzee Harold ana ndevu nyeupe. Na kule kazini kulala ni kufutwa. Hakuna onyo, hakuna samahani.

Nikafungua macho. Mbele ya pua yangu, ndevu nyeupe.

Nimelala kazini! Nikasimama kama niliyechomwa sindano na kuanza kazi pale pale, kwa sauti, kwa sababu Mzee Harold hasikii vizuri. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, lakini nawaandikia kwa Kiswahili, labda aibu itapungua:

"HABARI YA ASUBUHI, BABU! TWENDE CHOO KWANZA, DAWA BAADAYE!"

Mall nzima ikageuka kutuangalia. Santa akanitazama kwa upole akasema, "Kijana, mimi nilishaenda."

Kila mara Mzee Harold husema alishaenda. Huwa hajaenda.

"NAJUA, LAKINI TUJARIBU TENA!"

Wale mnaofanya hii kazi mnajua tunavyomnyanyua mtu. Tunamfunga mkanda mpana kiunoni, tunaushika, tunahesabu, anasimama. Mkono wangu ukaenda wenyewe kiunoni, ukakuta mkanda. Mpana. Mweusi. Nikaushika barabara.

"MOJA! MBILI! TATU! SIMAMA!"

Santa akasimama. Mkanda ukabaki mkononi mwangu. Na kutoka chini ya lile koti jekundu, mbele ya watoto wote wa Maple Grove na vitongoji vyake, tumbo la Santa likateleza, likaanguka sakafuni. Pu!

Lilikuwa mto. Mto wa kulalia, wenye foronya ya maua.

Halafu Shiro, kwa sauti aliyorithi kwa mamake:

"Mommy! Santa is broken!" Eti Santa ameharibika.

Mtoto mmoja akaanza kulia. Wa pili akampokea. Mimi nimesimama na mkanda mkononi, nautazama ule mto, na akili inarudi kidogo kidogo kama stima baada ya mvua. Hapa si Hopkins. Huyu si Harold. Hizo ni taa za Krismasi. Basi kama hapa ni mall, nilikuja na...

Nikagusa kifua changu. Hakuna mtoto.

Hapo sicheki hata sasa ninapoandika. Nikapiga kelele, "Kemunto!" Nikaangalia chini ya kochi. Nikainua ule mto nikaangalia chini yake!

"Yuko hapa, yuko hapa!" Mama Shiro akaita. Kemunto alikuwa begani kwake, amelala fofofo, hajui lolote. "Baba Kemunto, hebu kaa chini kabla hujamvua mtu mwingine nguo."

Nikakaa. Alinirudishia mtoto wangu nikamshika kama mtu anayeshika nguzo kwenye upepo. Machozi yalinitoka kidogo. (Ni yale ya usingizi. Msinianze.)

Santa akaenda nyuma ya mti wa plastiki kuurudisha mto wake ndani ya koti, akarudi akiwa mnene tena, akaketi kando yangu.

"Unafanya kazi gani, kijana?"

"Natunza wazee. Usiku."

"Nilijua," akasema. "Goti hili huniuma kila ninaposimama. Umeninyanyua, halijauma." Kisha akainama karibu. "Wakifunga mall, utanisaidia kusimama tena?"

Nilicheka, nikamwomba radhi mpaka akanikataza. Kisha msichana wa kamera akanionyesha picha. Kemunto, jamani, malaika. Gauni limekaa, kitambaa kimekaa, shavu kifuani. Santa anatabasamu. Na kati yao mimi, mdomo wazi kama friji, matapishi kwenye kola. Kupiga nyingine haikuwezekana. Nani angemwamsha yule mtoto?

Nikamtumia Kwamboka, nikaandika chini yake: *Mkate baba umtoe, umtumie mama picha ya mtoto na Santa tu.*

Kwamboka alikuwa kwenye mapumziko ya kula, amechoka kama mimi. Hakusoma maneno. Aliona gauni jekundu, akaituma hivyo hivyo kwa grupu la familia. Mama mkwe. Mashemeji. Yule anko wa Keroka ambaye alipinga mahari yangu.

Niliposikia simu ikilia na kuona ni ujumbe wa sauti wa mama mkwe, nilisimama. Pale maegesho, kwenye theluji, nilisimama wima. Alianza kwa kusifu gauni. Akamsifu mjukuu, akataja wote anaofanana nao, wote wa upande wake. Halafu akasema, "Kwamboka, na huyo baba yake... mwambie picha nimeiona. Mwambie nitawaonyesha wamama hivyo hivyo. Na mkimfikisha nyumbani, mwacheni alale."

Nikaisikiliza mara ya pili nikiwa ndani ya gari, dirisha limejaa ukungu, mtoto anapumua nyuma.

Mama Shiro naye ana video. Sitawaambia iko grupu gani, lakini mchungaji ameshaweka kile kikatuni cha kucheka machozi.

Sasa ni jioni. Kwamboka amerudi, amekaa chini kuvua viatu, amevua kimoja na usingizi ukamchukulia pale pale. Kemunto amelala juu yake, bado na gauni. Mimi leo usiku sina kazi, kwa hivyo niko njiani kuwafuata.

Najua mtacheka, siwezi kuwazuia. Lakini chekeni polepole, mtaniamshia watu.