Dakika Mbili za Salamu

Jumatatu, 9 Machi 2026. Kahama.

Nimeitwa na Meneja, Mama Apolonia. Nilisimama wima. Akasema taarifa za mgodini zinachelewa, barua pepe zinalala njiani, na kipindi changu cha majaribio kinakwisha Ijumaa. Laini ya mtandao kutoka mgodini ikiendelea kukwama, kazi yangu atapewa Kudra, fundi wa kule shimoni. Kudra! Yeye ana cheti. Mimi nimejisomea mwenyewe, katika kitabu kuukuu kisicho na jalada, cha frame relay, njia ya zamani ya kupitisha data, na maelezo yangu kuhusu foleni za mtandao ni fasaha kuliko yake.

Nimeipima laini mchana kutwa. Nyembamba kama uzi, na simu zote za mgodini hupita humo humo. Mhalifu amebainika: Mzee Ngassa, mwendesha winchi anayeshusha na kupandisha wachimbaji. Hupiga ofisini mara nane kwa siku. Kabla ya kutaja lolote hungoja shikamoo, huitikia, kisha huuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua na za ng'ombe. Ritha wa mapokezi hana ng'ombe! Bado huulizwa, naye hujibu kuwa hawajambo.

Dakika mbili kamili. Kila simu.

Jumanne, 10 Machi.

Nimetenda. Katika ruta, kifaa kinachogawa njia ya mawasiliano, nimeandika kanuni ya foleni mbili. Mwanzo wa kila simu, kiasi cha dakika mbili, unakaa foleni ya nyuma kabisa na kupita iwapo nafasi itapatikana. Baada ya hapo sauti inahamia foleni ya mbele. Salamu zisubiri, habari zipite. Sijamwarifu mtu.

Barua pepe zimeruka kama swala! Meneja amenipungia mkono kupitia dirishani. Nimeandika rasimu ya ombi la kuthibitishwa kazini: aya saba, "kwa heshima na taadhima" mara tatu.

Jumatano, 11 Machi.

Hofu. Ritha analalamika kuwa anatoa shikamoo, na upande wa pili kimya. Mzee Ngassa haisikii, na bila shikamoo yeye hasemi neno. Anakata, anapiga upya. Na kila akipiga upya, dakika mbili zinaanza upya! Hili sikulitafakari. Mzee hajafika foleni ya mbele hata mara moja.

Ritha akaniuliza, "Wewe Mageni, umegusa nini humo?" Nikamjibu kuwa swali lake halijawasilishwa kwa utaratibu. Akasema utaratibu nitauona.

Jioni ujumbe wa Kudra: mvua kubwa, pampu ya shimoni inakohoa, na simu zimerogwa na nani? Atakuja Ijumaa kusoma mipangilio ya ruta. Ningeifuta kanuni, lakini barua pepe zingekwama tena, nami ningefutwa nayo.

Alhamisi, 12 Machi.

Niandike taratibu.

Saa tano asubuhi lori la mgodini liliingia uani, limejaa wachimbaji na matope yao. Watu kumi na tisa! Mzee Ngassa mbele. Nikajua wamekuja kunipiga. Nilijifungia chumba cha betri na kuanza kutunga ombi la msamaha kichwani. Sikuvuka neno "Yahusu".

Kupitia mlangoni nikasikia wakivua kofia ngumu. Mzee Ngassa akamwambia Ritha kwa sauti ya chini, "Poleni sana, mwanangu. Nani katutoka?" Ritha akasema hakuna aliyefariki. Mzee akauliza, basi ni jambo gani, kama si msiba, linalozuia ofisi nzima kumwamkia mzee siku tatu? Alipopiga mara nne leo bila kupata shikamoo, alijua wote tunalia. Akawapandisha watu wote kutoka shimoni, wakabeba gunia la mchele, wakaja.

Kicheko kikaanza. Mmoja akasema awepo maiti asiwepo, mchele upikwe.

Ndipo simu ikalia. Kudra. Hakukata, alishikilia hadi dakika mbili zikapita, na sauti yake ikatoka safi kabisa kwenye spika. Alikuwa nyumba ya jenereta tangu alfajiri. Pampu imekufa, maji yamejaa njia ya chini hadi darini, ameita na hakuna anayeitika. Akawa analia. Ritha akamwambia, "Wako hapa. Kudra, wote wako hapa."

Nilimsikia Mzee Ngassa akiketi sakafuni. Nami humo ndani nilikumbatia betri hadi nyaya zikagongana.

Ijumaa, 13 Machi.

Kudra amefika, macho mekundu, akaisoma kanuni mbele ya Meneja. Juu yake lipo jina langu. Nililiandika mwenyewe, kwa herufi kubwa.

Mama Apolonia akaniuliza: je, kama Mzee Ngassa angekuwa mtu asiyejali salamu?

Hukumu: kanuni ifutwe. Sithibitishwi. Miezi mitatu zaidi ya majaribio, chini ya Kudra! Na niende kwa Mzee Ngassa nikamwamkie ana kwa ana. Nimekwenda. Aliitikia, kisha akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua na za ng'ombe. Nikasema hawajambo. Akanishika mkono muda mrefu.

Jumatatu, 16 Machi.

Kudra amefunga kipimo cha maji shimoni. Kila sekunde tano kinatuma ofisini neno moja: salama. Salama. Salama. Nimekichunguza tangu asubuhi na hakijatuma neno tofauti hata mara moja. Marudio ya namna hii ni dharau kwa laini nyembamba.

Kudra yuko Geita hadi Alhamisi. Nimekihamishia foleni ya nyuma kabisa. Siku kikiwa na neno jipya, kitangoja zamu yake kwa adabu, kama waombaji wengine wote.