Bega, Kichana na Daktari wa Sindano

Jumatatu, tarehe 3

Bega la kulia limegoma. Wiki ya tatu sasa! Mkono unaishia kifuani, hautaki kupanda. Cherehani naendesha, sawa. Kichwa cha mke wangu je? Tangu kiharusi kimlegeze mkono wa kulia mwaka jana, namsuka mimi kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Fundi cherehani mzima, nimejifunza mistari! Sasa shemeji, mdogo wake, ameshika zamu. Anakuja na kichana chake mwenyewe, kama vile changu kinang'ata. Leo kaniambia nipumzike tu, umri nao unasema. Umri!

Hospitali wamenipima, wamenipa vidonge, wakasema nikitaka nijaribu na sindano za tiba ya Kichina. Miadi ni Jumatano. Sijamwambia mtu kwamba naogopa. Nimeshika sindano miaka thelathini, lakini siku zote nilikuwa upande wa kuchoma.

Jumanne, tarehe 4

Mpokezi wa daktari wa sindano amenipa karatasi ya wagonjwa wapya. Kula kidogo kabla ya kuja. Vaa nguo pana. Taja dawa zote unazotumia. Usisugue ulimi, daktari atautazama. Aha! Hapo ndipo wenzangu wanapolala. Mtu unakwenda kukaguliwa ulimi, halafu uupeleke mchafu? Nimeusugua kwa mswaki mpaka machozi. Kesho asubuhi glasi mbili za juisi ya bitiruti, upate rangi ya afya. Kula sili. Na navaa suti yangu ya kubana. Daktari ajue anamtibu fundi.

Jumatano, tarehe 5

Aibu! Daktari ni mama mtulivu. Alinishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, kimya, kama anayesikiliza redio ya jirani. Kulia, kisha kushoto. Akaomba ulimi. Akautazama. Akavaa miwani, akautazama tena. Akauliza nimekunywa nini. Nikasema maji. Akauliza ya rangi gani.

Kumbe ulimi kwake ni barua, na mimi nimeifuta nikaipaka rangi. Mkono wa suti nao ukakwama kwenye kiwiko. Tumbo likanguruma. Akasema mwenye njaa hamchomi, anaweza kuzimia. Akanipa biskuti, akanirudisha mpaka Ijumaa. Dawa je? Nilisema situmii chochote, nionekane imara. Vidonge vilikuwa vinacheza mfukoni.

Nyumbani nikamwambia mke wangu mambo yamekwenda vizuri sana. Akaniuliza mbona midomo myekundu.

Ijumaa, tarehe 7

Nimekula mkate na yai. Shati pana. Nikakiri vidonge. Daktari hakunigombeza, akaandika tu, akasema nisiviache, na asipojua ninachomeza anaweza kuniumiza. Sindano zake nyembamba ajabu, mpya, anazitoa kwenye pakiti. Hazina tundu! Nikauliza uzi unapita wapi. Msaidizi wake akatoka nje kucheka.

Ya kwanza ikaingia mguuni. Nikamkumbusha kwa heshima kwamba bega liko huku juu. Akasema analijua lilipo. Nilihisi uzito, kama mtu kanibonyeza kwa kidole gumba, basi. Nikafumba macho ili niombe. Nikakoroma.

Amesema haahidi kupona. Tujaribu mara sita, tuone. Na mkono nisiuchoshe.

Alhamisi, tarehe 13

Mara ya tatu leo. Mkono unafika sikioni! Nikarudi nyumbani mbio, nikapitia mlango wa nyuma nimnyang'anye shemeji kichana. Nikachungulia. Mke wangu yuko mbele ya kioo, anajisuka mwenyewe. Kwa mkono wa kulia! Vidole vinakimbia. Shemeji kaketi pembeni anakunywa chai.

Shemeji akaniona, akanifuata uani. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mkono wa dada yake ulipona miezi mitano iliyopita. Huketi kwenye kigoda kila asubuhi kwa sababu anapenda mikono yangu kichwani mwake. Yeye shemeji anakuja ili mimi nisigundue. Akaniomba nisiseme kwamba ameropoka.

Nimelia. Kwenye kitambaa cha mteja, Mungu anisamehe.

Jumamosi, tarehe 15

Nimedai zamu yangu, shemeji kainuka bila ubishi. Nilipanga mistari minne mikubwa. Lakini mke wangu alipoketi, akaegemeza kichwa kwenye goti langu, akafumba macho, nikaona minne ni dharau. Kumi na miwili! Midogo! Nikamsimulia vituko vyote vya wateja wa wiki zote hizi. Akacheka mpaka mstari wa tano ukapinda. Nampenda huyu mwanamke, jamani.

Nilipomaliza wa tisa, bega likafunga. Nikasingizia kiu, nikaenda jikoni kujikanda. Kurudi, mitatu ya mwisho imeshasukwa, mizuri kuliko yangu. Nikaketi tena. Naye akaushika tu huu mkono wangu wa kulia, akauweka shavuni kwake.

Nimemwambia kesho tunafumua yote, tunaanza upya. Ishirini! Jumatatu nitamwambia daktari nimeulalia mkono vibaya.