Mtetemo wa Mackrine

Jumatatu, 7 Julai. Chonyonyo.

Siku ya fahari. Kwaya ya kigango imenipa mimi, Adelard, kazi ya kurekodi nyimbo za jubilei. Mimi, si Jovin wa Nyakahanga mwenye studio ya vioo. Kisanduku cha kugeuza sauti kuwa namba nimekiunda mwenyewe kwa vipande vya simu mbovu. Kinachota sauti maelfu ya mara kwa sekunde, kila mchoto kwa kufuata saa ndogo iliyo ndani yake.

Leo ilikuwa majaribio. Besi safi kabisa. Sauti ya kwanza, ile nyembamba ya juu, ilipoingia, mikwaruzo na mtetemo, kama mwimbaji ana homa. Anayeongoza sauti ya kwanza ni Mackrine, mke wangu. Mwalimu Cleophace wa kwaya akauliza kulikoni. Kwaya nzima inanitazama. Ningesema nini? Nikasema kisanduku hakidanganyi, ni Mackrine anayetetemeka. Cleophace akaamua kwamba Jumamosi, siku ya kurekodi, ataongoza Stephania. Mackrine akafunga kitabu chake cha nyimbo taratibu mno. Hilo ndilo lililonitisha.

Jumanne, 8 Julai

Mackrine ameondoka kwenda kwao Nyakasimbi. Bitoke, ndizi zetu za kupika, ameviacha mkunguni, nimenye mwenyewe. Alisema nafasi ile ameishika tangu kabla hatujaoana, nami nimemvua mbele za watu. Atarudi siku nitakayomrudishia. Nisipoweza, nioe kisanduku.

Jovin akapita na pikipiki, akapunguza mwendo makusudi, akauliza shemeji yuko wapi. Kisha akataja kwamba studio yake iko wazi Jumamosi. Simpendi huyu mtu.

Nikamrekodi Stephania. Naye anatetemeka! Nikaandika hitimisho: ugonjwa unaambukiza.

Jumatano, 9 Julai

Nimeazima kinanda cha kigango, nikakiunganisha na kisanduku kwa waya. Noti ya chini, safi. Noti ya juu, mtetemo uleule. Kinanda hakina homa, wala hakina baba wa kukimbilia Nyakasimbi. Basi mgonjwa ni kisanduku changu.

Nikaingia mtandaoni kutafuta dawa. Nikasoma nusu ukurasa, bando likaisha. Nusu ilitosha: mtetemo hutoka kwenye saa ya ndani, na saa ya namna hii hupenda joto lisilobadilika. Hapa Chonyonyo joto lisilobadilika liko wapi? Shimoni! Humo tulikuwa tumevumbika ndizi za rubisi, pombe ya jubilei. Nikafunua majani, nikakilaza kisanduku katikati ya mikungu, nikafunika. Nani mwingine angewaza hivi? Si Jovin.

Alhamisi, 10 Julai

Nimefukua. Kisanduku kinanuka rubisi na kina siafu. Mtetemo haukupungua hata chembe.

Nimenunua bando, nikasoma nusu ya pili. Kumbe joto ni dawa ya saa inayochelewa au kuwahi pole pole. Yangu haichelewi, inatetemeka: mchoto huu umewahi kidogo, unaofuata umechelewa kidogo. Sauti nzito haijali, kwa kuwa inapanda na kushuka taratibu. Nyembamba inakimbia. Ukichelewa kumtazama kobe utamkuta palepale, ukichelewa kuitazama bodaboda imeshapita. Na kinachoitetemesha saa, mara nyingi, ni umeme mchafu. Umeme wangu unatoka kwenye chaja ya simu inayovuma kama nyuki. Zimebaki siku mbili.

Ijumaa, 11 Julai

Nimeitupa chaja, nimetumia betri ya pikipiki yangu. Mtetemo umepungua, haujaisha. Ukurasa ule una dawa ya mwisho: pamoja na mwimbaji, rekodi noti moja ya juu kutoka kwenye kinanda, kwa waya wake peke yake. Kompyuta inajua noti hiyo ilivyotakiwa kuwa. Kila inapopinda, inapima saa ilikosea kiasi gani, kisha inasogeza mchoto wa sauti mahali pake. Nikajaribu na sauti yangu nyembamba ya kuazima. Imenyooka! Karibu nilie.

Moja kwa moja Nyakasimbi. Baba mkwe, Mzee Kamugisha, aliitikia shikamoo yangu lakini kiti hakunipa. Mackrine alikuwa anaanika kahawa. Nikaeleza saa, mchoto, betri, nimesimama juani. Mackrine akauliza, kwa hiyo aliyetetemeka ni nani? Nikasema ni saa. Akauliza ya nani. Nikasema yangu. Akasema hayo nikayaseme mbele ya kwaya nzima. Tena niape kwamba siku nyingine, kabla sijamshutumu mtu, nitarekodi kinanda kwanza. Nikaapa mbele ya baba yake.

Jumamosi, 12 Julai

Nimesema. Jovin amesimama mlangoni na mikono mfukoni. Cleophace akatangaza kwamba Mackrine ataimba mara moja tu, na mtetemo ukisikika, kazi nzima inahamia kwa Jovin, anayeongoza ni Stephania. Mackrine akasogea mbele bila kunitazama. Akaimba.

Kompyuta ikachukua muda wake kusahihisha. Nilikuwa nasali. Kisha sauti yake ikatoka, nyembamba, ndefu, safi mpaka mwisho, na nikaona aibu kwamba niliwahi kuitilia shaka. Cleophace akavua miwani akafuta macho. Jovin ameondoka bila kuaga. Leo nimekula bitoke vilivyopikwa kwa mkono wa Mackrine.

Jumatano, 16 Julai. Kyerwa.

Sifa zimevuka wilaya. Kwaya ya huku imeniita. Betri nimeirudisha kwenye pikipiki, maana bila hiyo nisingefika, na nimechomeka ile chaja ya zamani, kwa leo tu. Noti ya kusahihishia nimeiacha, inachosha.

Besi safi. Akaingia Benadeta, kiongozi wa sauti ya kwanza. Mtetemo! Watu wote wakanigeukia, na Benadeta akaanza kulengwa na machozi. Neno likanifika ulimini. Nikakumbuka kiapo, nikalimeza. Nikarekodi kinanda chao kwanza, kama nilivyoapa. Noti ya juu, mtetemo uleule. Nikamshukuru Mungu kwa kunipa mke mwenye busara.

Nimewatangazia kwamba Benadeta ni mzima kabisa, kibovu ni kinanda. Nimewaeleza na dawa yake, joto lisilobadilika. Naandika haya nikiwa kivulini, wanaume wa kwaya wanachimba shimo.