Kanga Mbili na Bunduki ya Upepo

Jumanne, 1 Julai 1997. Shanwe, Mpanda.

Nina bunduki! Si gobole. Gobole ni la wazee, likilia mara moja wanyama wote wanahamia Rukwa. Hii ni bunduki ya upepo, ya kisasa, ina darubini mgongoni. Haitumii baruti. Haitoi moshi. Unakunja mtutu, unatia kijirisasi chenye kiuno cha nyigu, unaurudisha, unafyatua. Pwa! Basi. Kanga wa pili hajui kama wa kwanza amekufa.

Nimeitoa Mishamo kwa Apollinarie, Mrundi mpole mwenye shamba la maharage. Aliachiwa na mzungu wa visima alipomaliza kazi. Nimempa baiskeli yangu. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akaniuliza tena. Hajui biashara.

Nimerudi juu ya lori la mahindi. Njiani gunia liliangukia darubini. Haikupasuka hata kidogo. Hivyo ndivyo vitu vya kisasa.

Niandike na sababu. Sababu ni Recho. Jumapili tulikaa sebuleni kwa mama yake, Mama Pudensiana, mimi kushoto, Ndaki kulia. Ndaki ni Msukuma mwenye ng'ombe, kofia pana, maneno machache. Wote wawili tunamtaka Recho, na mama amechoka kutunywesha chai. Akatamka mbele yetu kwamba tarehe kumi na tatu baba mdogo wa Recho anakuja kutoka Karema. Kila mmoja wetu alete kanga mbili. Atakayempendeza, washenga wake watasikilizwa. Mwingine atafute kwingine.

Ndaki aliitikia kwa kichwa, akaenda zake. Nimesikia leo amekwenda duka la nguo. Duka la nguo! Nilicheka peke yangu juu ya magunia.

Mimi nilisoma Tabora. Najua kusikiliza. Mama Pudensiana ni Mpimbwe, na ngeli za Kiswahili amezikataa tangu ujana. Husema kuku tatu. Husema ng'ombe imelala. Sasa mtu wa kuku tatu akisema kanga mbili, anasema nini? Ndege! Kanga wawili, wa porini, wa mchuzi. Angetaka nguo angesema vingine, labda kanga wawili. Ndaki masikini.

Jumatano, 2 Julai

Mazoezi nyuma ya nyumba. Nimeweka kopo la mafuta ya kupikia juu ya kisiki. Nimelenga kopo, nimepiga papai. Nimelenga tena kopo, nimepiga papai lile lile. Kwa upande mmoja ni shabaha nzuri sana.

Darubini inavuta kushoto. Kuna vifundo viwili vya kuirekebisha. Nimezungusha cha juu. Sasa inavuta kushoto na chini. Nimekiacha.

Tena nilikuwa nimeegemeza jicho kabisa kwenye kioo, nipate kuona vizuri. Bunduki iliruka kidogo nyuma. Nyusi ya kulia imevimba.

Jirani yangu Yotham ni Bwana Nyama, yaani afisa wanyamapori, na alisikia papai likianguka. Akaja ukutani. Akasema hata bunduki ya upepo ina karatasi zake polisi, na ndege wa porini wana kibali chao. Kopo nipige nitakavyo, ila la kwangu. Akaniuliza jicho limefanyaje. Nikamwambia nimegongana na mlango. Akatazama bunduki, akatazama nyusi, akasema huo mlango una darubini.

Ijumaa, 4 Julai

Nimepita stesheni, Recho anapouzia uji na maandazi kwa abiria wa treni. Akaniona nyusi, akanipa andazi lililo kubwa kuliko mengine. Hilo Ndaki hapewi.

Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kanga nimeshazipata. Eti umeshazipata, badala ya umeshawapata! Kweli mtoto wa mama yake. Nitamrekebisha tukishaoana. Nikasema bado, ila vifaa ninavyo.

Akauliza zitakuwa za rangi gani. Swali la ajabu, lakini mwanamke anayependa ni mwanamke anayeuliza. Kwa kumrahisishia nami nikaongea kama yeye. Nikasema rangi ni ile ile ya siku zote, nyeusi, zina madoa meupe mwili mzima. Akasita. Akasema mama hapendi nyeusi, ila atajaribu kuzungumza naye. Nikamwambia asijali, mama akishaonja atasahau rangi. Akasita tena.

Kisha akauliza zinasemaje. Nikatazama huku na huku. Hakukuwa na mtu wa maana. Nikaigiza: "Keke-keke-keke-kwacheee!" Abiria mmoja alimwaga uji.

Recho alimjazia kikombe kingine. Akasema hajawahi kuziona zenye maandishi hayo. Utani wake nimeupenda sana.

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba.

Sikukuu. Watu wamejaa uwanjani. Nilipeleka bunduki ili Recho anione nikilenga shabaha mbele ya watu. Nilikuwa nimeshaijua siri yake: ukitaka kupiga kopo, lenga kulia kwa kopo, juu kidogo. Jana nimepiga makopo hivyo hivyo, mengi.

Makopo yakapangwa juu ya gogo, uwanja ukiwa wazi nyuma yake. Recho akasogea. Nikakunja mtutu polepole, kwa madaha, nikaeleza mambo ya upepo. Nikalenga kulia, juu kidogo. Pwa! Kumbe lori la asubuhi, ambamo Yotham alinipa lifti, limeitikisa darubini ikarudi mahali pake. Risasi ilikwenda kulia, juu kidogo. Mara tatu.

Watu wakaanza kusema nyie mwacheni, upepo umemwishia.

Ndaki akaomba ajaribu. Sikuweza kukataa mbele ya Recho. Hakuchungulia darubini kabisa. Alitazama juu yake kama mtu anayetazama ndama aliyevuka mto. Pwa! Kopo chini. Akanirudishia bunduki kwa mikono miwili, kwa heshima, akasema ni nzuri, nyepesi, ila hicho kichupa cha juu kinamziba mtu. Kichupa! Darubini ya Ulaya!

Niliona wivu, na niliuona vizuri. Recho alipiga makofi kidogo. Baadaye akanijia na kuniuliza kwa upole, bunduki hii inahusu nini na tarehe kumi na tatu. Nikamjibu kwamba ataona. Akaniambia Ndaki ameshanunua. Nikasema najua, masikini. Akasema Sylvanus, tafadhali, usichelewe. Aliyasema macho yakiwa kwangu. Ananitaka mimi. Nimelala kitandani mchana nikiyakumbuka macho yale.

Alhamisi, 10 Julai

Nimekwenda kuwinda. Kibali nitakiomba wakati mwingine, nikiwa nimeshaoa. Kwa miguu, maana baiskeli iko Mishamo. Nilifika kwenye mashamba ya mahindi yaliyovunwa, kanga wanapookota punje. Nikalala kifudifudi kwenye mabua. Siafu nao walikuwa huko.

Wakaja! Kundi zima, wameinamisha vichwa, wanatembea kama masista wanaoenda kanisani. Nikachagua mnene. Nikajiuliza: leo darubini inavuta au haivuti? Asubuhi ilikuwa haivuti. Lakini nilijikwaa mtoni. Basi inavuta. Lakini kushoto au kulia? Nilipomaliza kufikiri kundi lilikuwa limepita. Wa mwisho alinitazama.

Nikafyatua hata hivyo, kwa ajili ya heshima. Wote wakaruka juu ya mti mmoja wakaanza kunizomea. Kutoka nyuma yangu sauti ikauliza kama yale ni makopo. Yotham! Juu ya baiskeli ya serikali, akiwa kazini. Alisema akiandika anachokiona, mimi nitaoa nikiwa mzee. Akaniamuru nibebe bunduki nikiwa nimeutazamisha mtutu chini, nitangulie mbele mpaka nyumbani. Nimetembea njia nzima nikiongozwa kama mbuzi wa mnada. Akanipa mpaka Jumatatu niipeleke polisi ikaandikwe au niiondoe nyumbani kwangu.

Siafu wamebaki wachache.

Jumamosi, 12 Julai

Nimepata njia! Bado niko mbele ya Ndaki.

Katekista Damiano anafuga kanga uani. Ni wale wale, isipokuwa wamebatizwa, kama anavyosema mwenyewe. Anaitamani bunduki tangu Sabasaba, apate kulenga makopo jioni, na karatasi za polisi yeye hazimtishi, ana binamu huko. Tumebadilishana. Bunduki yake, kanga wawili wangu. Yotham atafurahi. Nami nimeondokana na kichupa.

Jambo moja lilinisumbua. Kanga asiye na tundu la risasi si kanga wa mwindaji. Nikamwomba Damiano anikopeshe bunduki niliyompa, kwa muda mfupi tu. Tukamfunga kanga mmoja mguu kwenye kigingi. Nikalenga. Kanga akanitazama. Nami nikamtazama. Akainua kichwa na kukiweka upande. Sikuweza. Nitasema nimewakamata kwa mikono, inapendeza zaidi.

Damiano aliuliza nani kaniagiza. Nikamweleza kwamba ni Mama Pudensiana, amesema kila mmoja alete kanga mbili. Damiano akakunja uso. Akasema, "Mbili au wawili?" Nikamwambia kaka, kwa yule mama ni mamoja. Akafungua mdomo kusema jambo. Nikashika tenga langu nikaondoka, maana makatekista wakianza kufundisha hawamalizi.

Jumapili, 13 Julai

Naandika kama ilivyokuwa.

Sebule ile ile. Mimi kushoto, tenga miguuni, limefunikwa kwa gunia. Ndaki kulia, kifurushi cha karatasi ya kaki mapajani. Katikati baba mdogo wa Recho kutoka Karema, mzee mwenye kikohozi. Recho mlangoni, amesuka nywele.

Ndaki akatangulia. Akafungua kaki. Kanga nyekundu, mbili, zimeshikana bado, na maandishi chini: ASANTE MAMA. Mama Pudensiana akazipapasa pembeni, akanusa upya wake, akatabasamu kwa adabu. Mimi nilimwonea Ndaki aibu. Nilikaribia kumshika bega.

Kisha mama akanigeukia. Akasema Recho amemwambia zangu ni nyeusi zenye madoa meupe, na kwamba huo ndio mtindo mpya wa Dar, kwa hiyo amekubali nyeusi. Nikasema ndiyo mama. Nikavuta gunia.

Wa kwanza aliruka moja kwa moja juu ya kabati la vyombo. Wa pili alipita katikati ya miguu ya baba mdogo, akapanda mezani, akasimama juu ya kanga za Ndaki, na hapo akafanya alichofanya. Kisha wote wawili wakapiga kelele ile niliyoiigiza stesheni. Niseme kweli, niliiigiza vizuri.

Baba mdogo alicheka mpaka kikohozi kikamshika, akatolewa nje. Ndaki hakucheka. Alimkamata mmoja kwa kofia yake, akamshika mabawa kwa utaratibu, akanikabidhi.

Mama Pudensiana akaonyesha ndege. Akasema, "Sylvanus mwanangu, kanga wawili ni hawa." Akaonyesha nguo. "Kanga mbili ni hizi." Hakukosea hata silabi. Miaka yote namfahamu, kuku tatu, ng'ombe imelala, na siku aliyochagua kutumia ngeli ni hii.

Nikatoka uani. Recho akanifuata. Alikuwa analia na kucheka pamoja. Akasema amenitetea juma zima. Alikuwa amemwomba mama akubali nyeusi. Alikuwa ameshamwambia baba mdogo kwamba anayemtaka ni wa kushoto. Akasema, "Ungeuliza tu, Sylvanus. Neno moja." Nikataka kumwambia kwamba anayejua hana haja ya kuuliza. Akaitwa ndani, akaenda. Niliumia, na bado naumia.

Washenga wa Ndaki wanakuja mwezi ujao. Kanga wamechinjwa. Nilibakizwa nile, nikapewa paja. Mchuzi ulikuwa mzuri.

Jumatano, 16 Julai

Nimetafakari siku mbili. Nimeona kosa lilikuwa wapi. Lilikuwa kwenye darubini. Ningewaleta wakiwa wamekufa, wasingeruka, na mzee asingekohoa. Na kosa la pili ni la Mama Pudensiana, aliyebadili Kiswahili chake bila kutoa taarifa.

Lakini leo! Nilikuwa stesheni treni ilipoingia. Kashuka muuguzi mpya wa hospitali, anaitwa Mwanaheri, kutoka Tanga. Vishimo mashavuni. Nikambebea gunia lake mpaka nyumba ya wauguzi. Limejaa nazi. Njiani akanilalamikia kwamba amesahau mbuzi yake Tanga, na hapa Mpanda kila anayemuuliza anamshangaa. Hana mbuzi, na nazi zitamharibikia. Akasema akipata mtu wa kumletea mbuzi nzuri, atamkaribisha chakula siku hiyo hiyo, na hatamsahau.

Mbuzi yake! Mbuzi nzuri! Mtu wa pwani kabisa, na ngeli zinamshinda kama Mpimbwe. Mengine sikuyaelewa vizuri, lakini bila shaka nazi ndizo anazowalisha. Sikutaka kumwaibisha kwa maswali. Alisisitiza jambo moja tu, iwe na meno makali.

Nimeshazungumza na mchunga mmoja. Anakubali godoro langu. Kesho alfajiri naenda zizini kuwafungua midomo mmoja mmoja, na nikimpata mwenye meno hasa nitamvisha utepe shingoni. Nimeamua awe dume.