Mlezi wa Mitamba ya Mama Limi

Mtu mwingine akimwona mama wa kijijini analipia mabati themanini kwa fedha taslimu, anaona mama anajenga. Jovitus aliona riziki. Alikuwa amejibanza kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Biharamulo mjini, akichaji simu bila kulipa, na kabla bati la thelathini halijapakiwa alishajua kwamba mama huyo anaitwa Limi, ni mjane wa Kisukuma, anakaa Nyamigogo, na ana ng'ombe wa kutosha.

Tumpe haki yake: Jovitus hakuwa tapeli wa hovyo. Wenzake huuza hewa, yeye chambo chake kilikuwa cha kweli. Alikodi seva, yaani kompyuta isiyozimwa, huko Ujerumani, akaweka dhamana sarafu zake zote za mtandaoni ili seva iruhusiwe kuhakiki miamala ya watu, nayo ikawa inamlipa ujira kila siku. Wenyewe wanaiita masternodi. Mteja akiziona sarafu zikiongezeka kwa macho yake, hutoa fedha na yeye awekewe zake, na fedha hiyo haikuwahi kufika Ujerumani. Ilikwenda kumnunulia Jovitus sarafu zaidi. Miaka mitatu ya kudanganya kwa jasho, yote ilikuwa mle. Zikipotea zile, Jovitus hana hata kijiko.

Jumamosi akawa uani kwa mama Limi, shati limenyooshwa, shikamoo imetangulia. Akaeleza seva, akaeleza dhamana, mama akabaki anamtazama tu. Hapo Jovitus akapata wazo ambalo alilisifu moyoni siku nzima.

"Mama, ni kama kumpa mtu ng'ombe akulelee. Ng'ombe ni wako, yeye analisha, ndama wanarudi kwako. Mimi ndiye mlezi."

Uso wa mama ukafunguka. "Kumbe! Ungesema hivyo tangu mwanzo. Na ng'ombe akifa?"

"Nitakuambia, mama."

"Huniambii. Unaleta ngozi. Mlezi asiye na ngozi, ng'ombe wake hajafa, kamficha."

Jovitus akacheka na kukubali. Kwa kumtoa wasiwasi akaongeza kwamba hata mwalimu Yuster wa Nyamiaga, kule Ngara, ni mteja wake na analala usingizi mnono. Irine, binti wa mama aliyekuwa anapukuchua maharage karibu na mlango, aliinua kichwa, kisha akaendelea na maharage yake.

Mama akasema fedha zimeishia kwenye mabati, lakini mitamba sita wapo, Jovitus akauze anunue sarafu. Ila kwao ng'ombe wa kulelewa hubaki na alama ya mwenyewe sikioni. Hiyo masternodi alama yake iko wapi?

Jovitus akaeleza kuwa alama ni maneno kumi na mawili ya siri. Mwenye maneno ndiye mwenye sarafu. Irine akauliza kwa upole kama wanaweza kuyaona yakifanya kazi kwenye simu yake mwenyewe, maana mama haamini asichokiona. Jovitus alikuwa na pochi moja tu, yaani akaunti ya sarafu, yenye kitu cha kuonyesha: ya kwake, ile yenye dhamana. Akapiga hesabu. Hawa watafanyia nini maneno kumi na mawili? Akishafika barabarani atazihamishia pochi nyingine, yamekwisha. Akayaandika kwenye daftari.

"Samahani kaka, sina bando," Irine akasema. "Nirushie hotspot."

Akamrushia. Sarafu zikaonekana, mama akashangaa vya kutosha, yakaletwa maziwa ya mgando na mashahidi wawili. Jovitus akasaini karatasi kwamba amepokea mitamba sita ya Limi kwa ajili ya kulea, akijisemea kwamba basi ndivyo wanavyoongea hawa. Muda wote huo simu yake ilikuwa juu ya kigoda, ikimrushia Irine mtandao, mpaka bando likakata.

Safari ya mnadani ilimtoa roho. Mitamba waliingia kwenye mihogo ya watu mara mbili, na mara zote mbili aliyetukanwa ni yeye. Alipofika, karani wa mnada akaisoma karatasi, akamrudishia.

"Hapa umeandikwa mlezi. Mlezi hauzi. Lete kibali cha mwenye mali."

Jovitus hakuona shida. Akanunua bando ahamishe sarafu zake kwanza. Akafungua pochi. Sifuri. Akaizima simu, akaiwasha. Sifuri ileile. Akakaa chini palepale kwenye samadi, akapiga simu.

"Mama, sarafu zimekufa."

"Pole, mwanangu. Leta ngozi."

"Mama, sarafu haina ngozi! Ni Irine huyo, yeye ndiye..."

"Irine yuko hapa, anaongea na mwalimu Yuster. Sikukwambia? Yule ni mke wa mwanangu. Alikuwa hajalala mwaka mzima, leo nadhani atalala. Wanatafuta namba za wale wateja wako wengine."

Mtamba mmoja alikuwa anatafuna mkanda wa begi la laptop la Jovitus, bila haraka.

"Na hao mitamba uwarudishe mapema," mama akasema. "Wamezoea kunywa maji saa kumi. Mashahidi wanakusubiri njiani."